Tabora: Njia ya Misafara na Mikanda Isiyofungwa

Tabora haifikiwi kwa pupa. Mtu akipanda gari moshi la reli ya kati, iliyofika mjini humo mwaka 1912, au akipanda basi kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Itigi, njia ni ndefu na nchi ni tambarare. Msitu wa miombo hufuatwa na msitu wa miombo hadi macho yanachoka. Kwa miaka mingi kipande cha barabara baina ya Chaya na Nyahua, kilomita zipatazo 85, kilikuwa cha vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na abiria alishuka stendi nguo zake zimegeuka rangi. Siku hizi ni lami. Mabasi hukimbia, na mashaka ya tope yamepisha mashaka ya mwendo.

Anayeijua historia hatasinzia katika safari hii. Reli na barabara hufuata, kwa kukaribiana tu, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakatiza Ugogo na kuingia Unyanyembe, iliko Tabora, kabla ya kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Nyika iliyoko baina ya Ugogo na Unyamwezi watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali, kwa ukame wake na hofu iliyowajaa walipoipita. Ng'ambo ya nyika hiyo kipo Tura, ambapo msafara ulipumua kwa kujua kwamba umekwisha ingia nchi ya Wanyamwezi. Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, waliwasili Kazeh, kama wageni walivyoiita Tabora wakati ule, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Walipokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Basi la leo huianza na kuimaliza safari ya Dodoma kwenda Tabora kabla jua halijachwa.

Ndani ya basi

Katika safari yangu ya karibuni nilipata kiti cha katikati, kando ya dirisha. Basi lilipoondoka Dodoma, midomo mingi ilikuwa ikisoma dua ya safari kimya kimya. Mzee aliyevaa kanzu mbele yangu aliinua mikono na kuipangusa usoni. Lilikuwa jambo la kupendeza. Lakini katika safu zote nilizoweza kuziona, waliofunga mikanda hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Mikanda yenyewe ilikuwapo. Mingine imekunjwa chini ya makalio, mingine imeangukia baina ya viti, na wa kwangu ulikuwa na ncha moja tu, kifungio chake kimekatika na hakuna aliyejali kukirudisha.

Baada ya Manyoni kondakta alisimama katika ujia na kupaza sauti: "Wazee wangu, mama zangu, fungeni mikanda, mbele kuna trafiki!" Basi zima likajaa mlio wa vyuma. Mama mmoja alimfunga mwanawe aliyekuwa amelala, kisha akajifunga mwenyewe. Tulipokwisha kumpita askari, vyuma vikalia tena, safari hii kwa kufunguliwa.

Nilimwamkia jirani yangu, mtu mzima mfanyabiashara wa asali, nikamuuliza kwa upole kwa nini ameufungua. Sababu zake zilikuwa nne, na nadhani ndizo sababu za basi zima. Ya kwanza, mkanda ni mchafu, unatia weusi nguo nyeupe. Ya pili, basi likishika moto aliyefungwa hatoki. Ya tatu, mtu mzima kujifunga peke yake huonekana mwoga, au kama anayemtukana dereva kwamba hajui kazi. Ya nne aliitamka kwa unyenyekevu wa mtu anayefunga mjadala: "Mwanangu, ajali haina kinga."

Si Unyamwezi peke yake

Tabia hii si ya Tabora, wala si ya Afrika pekee. Katika milima ya theluji ya Ulaya na Marekani kuna watu wanaokwea juu ili wateremke kwa kuteleza, mbao zimefungwa miguuni. Hupandishwa na viti vinavyoning'inia kwenye kamba nene ya chuma, nyayo zao zikielea hewani juu ya miamba na misonobari. Kila kiti huwa na fimbo ya kushushwa mbele ya waliokaa ili wasianguke. Ulaya desturi ni kuishusha mara tu kiti kinapoondoka. Marekani wengi huiacha juu. Wapo wanaosema inawabana, wapo wanaoiona ni ya watoto na wageni, na wapo wanaoitamani lakini wanaona haya kumsumbua jirani waliyekaa naye. Jimbo la Vermont lililazimika kuliweka jambo hilo katika sheria. Watu hao wana mali na elimu, na fimbo iko juu ya vichwa vyao wakati wote. Kinachowazuia kunyoosha mkono ni kile kile kilichomzuia jirani yangu: mtu angesema nini?

Mkanda wa gari wenye ncha tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin katika kiwanda cha Volvo mwaka 1959, na kiwanda kiliwaachia wengine wautumie. Hata hivyo watu hawakuukimbilia. Jimbo la Victoria huko Australia ndilo lililotangulia kuwalazimisha watu kuufunga, mwaka 1970. Hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimtaja dereva na abiria wa kiti cha mbele, na kwa miaka mingi abiria wa nyuma, pamoja na mtoto aliyepakatwa, aliachiwa hiari yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo garini hadi nusu. Kuhusu hofu ya moto, ndugu msomaji azingatie jambo moja: anayeweza kujifungua na kutoka ni yule aliyebaki na fahamu zake. Aliyerushwa akagonga chuma kwa kichwa hana mkono wa kufungulia chochote.

Walivyojikinga wa zamani

Mjini Tabora nilikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi na mizigo. Jengo lililopo limejengwa upya, lakini umbo la tembe linasema lenyewe: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango mzito wa mbao. Aliyejenga vile alikuwa na biashara ya kulinda, na alijua kwamba usiku una watu.

Msafara nao ulikuwa na adabu zake. Mfanyabiashara mwenye watu wachache hakuthubutu kuikabili Ugogo peke yake; alisubiri wengine, wakaungana hata wakawa mamia. Kiongozi wao, kirangozi, alitangulia na bendera, na haikuwa ruhusa mpagazi kumpita. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30, na bado jioni, baada ya mwendo wa kutwa, alitakiwa kukata miiba na kuzungushia kambi boma kabla hajalala. Sijasoma popote kwamba mtu aliyekata miiba aliitwa mwoga. Mwaka 1871, vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipofunga njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji, msafara wa Stanley ulizunguka kwa kusini, mwendo mrefu zaidi, ukafika.

Haifai kuisifu njia hiyo bila kuitaja aibu yake. Wapo waliopita humo wakiwa wamefungwa kwa minyororo na kongwa shingoni, watu wazima na watoto, wakipelekwa pwani kuuzwa. Wenye kuwafunga hawakuwa wakiwahifadhi. Walikuwa wakiihifadhi bei yao. Labda ndiyo maana neno "kufungwa" haliingii vizuri masikioni mwetu. Ila mkanda wa basi mtu huufunga kwa mkono wake na kuufungua kwa mkono wake, na anayefaidika ni yeye na wanaomngojea nyumbani.

Ajali na ajali

Kauli ya jirani yangu kwamba ajali haina kinga inahitaji kuangaliwa kwa heshima, kwa kuwa imebeba imani. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni muda uliowekwa, na hasa muda wa mtu kufa. Muislamu anaamini kwamba muda huo haupungui wala hauzidi. Kiswahili kililichukua neno hilo likateremka taratibu, hata likawa jina la kila kinachotokea ghafla barabarani: tairi lililochakaa, dereva asiyelala, breki zisizokaguliwa. Hapo ndipo tulipochanganya. Muda wa mtu uko kwa Mwenyezi Mungu. Tairi liko kwa mwenye basi.

Tukumbuke tarehe 24 Juni 2002, kwenye reli hii hii ya kati, pale Igandu mkoani Dodoma, ambapo gari moshi la abiria lilirudi nyuma bila kuzuilika na kugongana na la mizigo. Watu 281 walifariki. Waliwaswalia, wakawazika na kusema wote ni wa Allah, na hiyo ni haki. Lakini hakuna aliyeona kwamba imani inakataza kuuliza habari za breki.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwachie akimtegemea Allah, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee, habari hiyo imepokewa na Imam Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik. Sayyidna Umar alipofika Sargh katika safari ya Sham na kupata habari za tauni, aliwarudisha watu wake. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akajibu kwa maana kwamba anaiacha qadar moja ya Allah na kuiendea nyingine. Mtume mwenyewe (s.a.w.) amepokewa kuwa alivaa deraya mbili siku ya Uhud. Nani atasema tawakkul yake ilikuwa pungufu?

Barabara fupi za mjini

Safari ndefu siyo yote. Mji wa Tabora una miembe mikubwa ambayo wenyeji huihusisha na zama za misafara, na chini ya vivuli vyake, kutoka sokoni hadi Gongoni, Ng'ambo na Isevya, husimama vijana wa bodaboda. Huko ndiko familia zetu zinakosafiri kila siku, na huko hakuna kondakta wa kutangaza trafiki.

Alasiri moja niliona watoto watatu wa chuo, misahafu imefungwa kwenye mifuko, wamepakiwa mshikaki nyuma ya kijana mmoja. Kofia ngumu ilikuwa moja, nayo ilitundikwa kwenye usukani. Nilimuuliza kijana kwa nini haivai. "Shehe wangu, joto," akajibu, "na hapa ni karibu." Kina mama nao wana sababu zao, na si za kupuuzwa: kofia imevaliwa na vichwa visivyohesabika, ina jasho la wengine, na haikai vizuri juu ya mtandio. Wengi hukaa upande kwa ajili ya stara, na pindo la baibui au kanga huning'inia karibu na gurudumu na mnyororo. Pindo hilo likinaswa, mtu huvutwa chini kabla dereva hajasikia ukelele.

Sababu hizi zina dawa zisizo na gharama kubwa. Mtandio mwepesi wa ziada, au kitambaa safi cha kuvaa ndani ya kofia, huondoa karaha ya jasho. Baibui hukusanywa na kukaliwa kabla pikipiki haijaondoka. Familia inayomtumia kijana mmoja kila siku kupeleka watoto chuoni inaweza kununua kofia ya mtoto, inayomkaa kichwani, na kumwekea sharti: mtoto mmoja kwa safari moja, na kofia ifungwe kidevuni. Shirika la Afya Duniani linasema kofia ngumu ikivaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kuumia ubongo hadi kwa asilimia 74. Walimu wa madrasa wana neno linalosikilizwa na wazazi pamoja na madereva. Wakikataa kupokea watoto watatu juu ya pikipiki moja, jambo hilo litakwisha mtaani kwao katika muda mfupi.

Na kwa safari ndefu, mwenye kukata tiketi aulize kama mkanda wa kiti chake ni mzima, na ukiwa mbovu aombe kingine. Nilipofanya hivyo wakati wa kurudi, mkata tiketi alishangaa, kisha akanibadilishia kiti bila ubishi. Ndani ya basi nilifunga mkanda wangu kabla ya dua. Binti aliyekaa ng'ambo ya ujia alinitazama, akautafuta wake, akamfungia bibi yake kwanza, kisha akajifunga yeye. Mabasi sasa yanaruhusiwa kusafiri usiku, tangu mwaka 2023, na mtu hulala Itigi akaamkia kwao. Baba au mama wa familia akijifunga mbele ya watoto, nao watajifunga, na hawatangoja kuambiwa kwamba mbele kuna trafiki.