Tanga Mbili

Tunapoutaja utamaduni wetu, aghalabu tunahesabu ngoma, mavazi, lugha, mapishi na jando. Ni mara chache tunapouhesabu upepo. Na hali upepo ndio uliowapa watu wa pwani ya Afrika Mashariki miji yao, kitoweo chao, na sehemu kubwa ya maneno wanayoyasema kila siku. Katika kurasa hizi twakusudia kueleza namna sisi tuishio Kilwa Masoko tunavyokaa na majira yetu, hususa miezi ya Aprili na Mei, wakati masika yanapoelekea ukingoni na bahari ingali na joto. Twataka kuonyesha kwamba starehe ya kuishi katika nchi ya joto na kazi ya kuitazama mbingu si mambo mawili, bali ni jambo moja.

Mwaka wa pwani haukuanza kuhesabiwa kwa karatasi ya ukutani. Tangu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa kiasi wenye joto, ambao ndio ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Ifikapo Aprili upepo hugeuka, mvua za masika hushuka, na kusi huingia kwa nguvu. Kisha huja kipupwe cha Juni na Julai, baridi ambayo mtu wa Iringa akiisikia huicheka, lakini sisi hutufanya tujifunike shuka mbili. Baada yake hufuata demani, na mwisho vuli. Baina ya pepo mbili kuu kuna siku ambazo hapana upepo unaotawala: asubuhi chombo huweza kutweka tanga kwenda upande mmoja, na jioni kikatweka kwenda upande mwingine. Siku hizo wazee waliziita tanga mbili. Wavuvi na wakulima waliugawa mwaka wa jua katika miongo, yaani makumi ya siku, wakihesabu tangu Nairuzi. Na kwa hesabu hiyo walijua lini mbegu itiwe ardhini na lini chombo kivutwe pwani kikatiwe kalafati.

Kilwa yenyewe ni mtoto wa hesabu hiyo. Mfanyabiashara wa Uarabuni aliyetaka kwenda na kurudi katika mwaka mmoja aliweza kufika hapa kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi. Kupita zaidi ya hapa ilikuwa safari ya mashaka. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya dhahabu ya Sofala ipitie hapa, na Ibn Battuta, alipofika mwaka 1331, akaukuta mji uliostawi. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa. Lakini mali iliyoyajenga ililetwa na upepo.

Katika siku za tanga mbili maisha ya hapa yana utamu wake. Mvua hupiga usiku, na kunapokucha ardhi hunukia. Vitumbua huepuliwa vikiwa moto, mihogo huchemka katika tui la nazi, na sokoni pweza, changu na tasi hupimwa huku wanunuzi wakitaniana. Maji yanapojaa watoto huogelea karibu na gati. Yanapokupwa kina mama huteremka mwambani na vikapu vyao. Saa saba mchana joto lenye unyevu huwaamuru watu wote wakae kivulini. Mgeni atokaye nchi za baridi hutukuta tumejinyoosha barazani, akatuandika kuwa wavivu. Hajui kwamba mvuvi yule aliyelala chini ya mwembe alitoka saa tisa usiku, wala kwamba mkulima yule alikwisha kumaliza ngwe yake kabla jua halijapanda. Kupumzika saa za jua kali ni elimu, na elimu hiyo ilipatikana kwa jasho.

Jioni baraza hujaa. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, kashata huvunjwa, na bao huanza. Mazungumzo ya baraza hufunguliwa na mbingu kabla ya siasa au mpira. Mmoja atasema kusini kumefunga. Mwingine atajibu kwamba mawingu yale ni ya kupita. Mzee aliyekwisha kuacha uvuvi atauliza kama bahari ilikuwa na mawimbi marefu alfajiri hali upepo haukuwapo. Swali hilo si la kupoteza wakati. Mawimbi mazito yajayo siku ya shwari huwa yamezaliwa na dhoruba iliyo mbali, yakatangulia kama mjumbe. Mzee hakusoma jambo hilo darasani, lakini mtaalamu wa hali ya hewa atalithibitisha.

Hata hivyo hatuna budi kusema kweli: hesabu ya wazee, pamoja na ubora wake, ina pengo. Inajua kaskazi na kusi kwa sababu pepo hizo hurudi kila mwaka. Haikijui kimbunga, kwa sababu kimbunga huweza kupita juu ya vizazi viwili kisionekane, na jambo lisilorudi haliwezi kuwekwa katika miongo.

Sababu za uhaba huo zinafahamika. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la kiasi cha digrii 27 au zaidi, na huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili kianze kujizungusha. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno. Kwa hiyo pwani yetu, iliyo kati ya digrii 5 na digrii 11 kusini ya ikweta, imo ukingoni mwa njia za vimbunga. Tena kisiwa cha Madagaska kimesimama mashariki kama ukuta, kikivipokea vingi vinavyotoka bahari kuu. Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi huanza Novemba na kwa kawaida huisha Aprili. Baada ya hapo jua limekwisha kuhamia kaskazini, maji yanapoa, na kusi hukipasua kimbunga kabla hakijakomaa.

Lakini ukingo si nje. Na hapa pana jambo la kuwapa wanafunzi wetu kazi ya kufikiri: vimbunga vinavyokumbukwa katika pwani hii vilikuja mwishoni mwa msimu, ndani ya siku hizo hizo za tanga mbili. Mwezi wa Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Yaani upepo wa siku moja uligeuza uchumi wa visiwa viwili. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi.

Kisha vikaja vya siku zetu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, kikaleta maafa makubwa kwa jirani zetu. Watu wa Mtwara na Lindi walitahadharishwa, wakajihifadhi, na wao wakapona. Aprili 2021 kilitangazwa kimbunga Jobo kuelekea pwani yetu, kikadhoofika njiani. Hapo barazani tulisikia maneno ya kejeli. Watu walisema kwamba wataalamu wametuogopesha bure, na kwamba redio inajua upepo wa karatasi tu. Maneno hayo yalitusikitisha, kwa sababu yanachanganya onyo na ahadi. Anayekuahidi mgeni naye asije, huenda amekudanganya. Anayekuonya kuhusu shimo nawe usitumbukie, amekufaa, hata kama miguu yako ingelipita kando.

Jaribio lenyewe lilikuja mwaka 2024. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito; mwezi wa Aprili Rufiji ilikuwa imefurika, na ardhi haikuwa na pahali pa kuweka tone jingine. Mwanzoni mwa Mei, wakati ambao kila mtu alijua kuwa vimbunga vimekwisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga kinaelekea kwetu. Jina lake lilikuwa Hidaya. Mwenye kujua lugha alistaajabu: hidaya ni zawadi.

Katika mtaa wetu habari hiyo haikugeuka kazi pale ilipotoka redioni. Iligeuka kazi ilipofika barazani. Baadhi yetu walipanda juu ya mabati wakayafunga kamba na kuyapakia mawe. Wenye makuti waliongeza fito. Ngalawa na mashua zilivutwa juu kupita alama ya maji ya bamvua. Lakini kijana mmoja mvuvi alikataa kuvuta chombo chake. Alimwambia mzee wa baraza kwa adabu, ila kwa uchungu:

"Shikamoo, babu. Nimesikia onyo. Lakini upepo wa redioni haujazi sufuria. Nisipotoka leo, watoto wanakula nini?"

Mzee aliitikia marahaba, akanyamaza kitambo. Kisha hakumhubiria. Alimwuliza nyumbani mwake wako wangapi. Alipojibiwa, aliingia ndani akatoka na unga katika kibaba, akauweka juu ya baraza, akatutazama sisi wengine. Hapana aliyehitaji kuambiwa. Mwenye mchele alileta mchele, mwenye nazi alileta nazi, na kabla ya magharibi mashua ya yule kijana ilikuwa imelala chini ya minazi pamoja na zile nyingine.

Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika kisiwa cha Mafia, kaskazini yetu, kikapoteza nguvu. Vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilikuwa vimesimamishwa. Huku kwetu tulipata upepo, bahari chafu, na mvua isiyokatika. Maji yaliikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa mabasi na malori hayakuweza kupita baina ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara. Sukari ikawa adimu, mafuta ya taa yakapanda bei, na wasafiri wakalala njiani. Baadaye, mwezi huo huo wa Mei, kimbunga Ialy kilipita baharini kaskazini zaidi, pepo zake zikahisiwa hata katika pwani ya Kenya. Hapana tena aliyesema barazani kwamba msimu umekwisha kwa sababu tarehe imekwisha.

Tumejifunza nini? Kwanza, elimu ya miongo na elimu ya mitambo zinahitajiana. Mtambo huona kimbunga kingali maili mamia baharini. Mzee hujua ni bonde gani la mtaa wetu hujaa kwanza, na ni ghuba gani huficha chombo. Pili, onyo halina nguvu kwa mwenye njaa. Ukimwambia mtu asiende baharini bila ya kuuliza atakula nini, umempa nusu ya ukweli, na nusu nyingine ameibeba mwenyewe mabegani. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Baraza njema ni ile inayomlazimisha aliyeshiba amjue. Kimbunga kinapotangazwa, kibaba cha unga ni sehemu ya ulinzi wa pwani sawasawa na kamba na mawe.

Walimu na wanafunzi mnayo nafasi ambayo baraza haina, nayo ni kalamu. Wazee waliouona upepo wa 1952 wakiwa na akili timamu wamebaki wachache sana. Waendeeni. Waulizeni maji yalifika wapi, mti gani ulianguka, nyumba za namna gani zilisimama. Andikeni majina ya pepo na ya miongo kama yanavyosemwa katika kijiji chenu, kwa maana maneno hayo yakifa, hapana kamusi itakayoyafufua yote. Pimeni mvua katika uwanja wa shule kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, na daftari la mwanafunzi anayehitimu arithi anayeingia. Kwa njia hiyo lile pengo la hesabu ya wazee litazibwa, na kile kisichorudi katika kizazi kimoja kitakutwa kimeandikwa na kizazi kingine.

Wala isidhaniwe kwamba twawataka watu waishi kwa hofu. Joto la nchi hii ni neema, na bahari itupayo hofu siku moja hutupa kitoweo siku mia tatu. Yatupasa tuendelee kunywa kahawa yetu, kucheza bao letu, na kulala kivulini saa saba bila ya kuomba radhi kwa mtu. Ila kila tunapoweka kikombe chini katika miezi ya tanga mbili, na tuinue macho tuitazame kusini. Halafu tumtazame na jirani, tujue kama sufuria lake lina kitu.