Kidole Kilichobonyeza Ni cha Nani?

Mwaka huu swali hili limenifikia kutoka Haydom, kutoka Dongobesh na kutoka Katesh: mkataba wa kazi uliohuishwa kwa kubonyeza simu, bila karatasi wala wino, unambana mtu kisheria? Jibu fupi ni ndiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua saini za namna hiyo. Anayesubiri muhuri wa ofisi ndipo aamini kwamba amefungwa, anajidanganya.

Hata hivyo, jibu fupi halikumtosha kijana mmoja niliyemfundisha, anayefanya kazi katika mradi mmoja wilayani Mbulu. Mkataba wake ulipokwisha alikuwa vijijini, mkononi ana kitochi kisichofungua intaneti. Karani akampigia: nitajie namba ya siri uliyotumiwa, nikumalizie. Akaitaja. Mwisho wa mwezi mshahara ukaingia, posho ya usafiri haimo. Masharti mapya yaliiondoa, tena kwa Kiingereza.

“Mwalimu,” aliniuliza, “nikisema sikusaini, si nitakuwa nimejifukuza mwenyewe?”

Hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha wengi, nayo haina msingi mkubwa. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinakubali kwamba mkataba wa muda maalumu waweza kuhuishwa kwa mfanyakazi kuendelea na kazi baada ya muda kwisha, mazingira yakiruhusu. Yeye hakuacha kazi hata siku moja. Saini ikianguka, ajira haianguki nayo moja kwa moja. Kinachobaki kubishaniwa ni masharti.

Na saini yenyewe ina doa. Sheria inataka saini salama iwe chini ya udhibiti wa mhusika. Mwajiri atajibu kwamba kijana aliitaja namba kwa hiari yake, na hoja hiyo si nyepesi. Lakini aliridhia nini? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka pande mbili zikubaliane jambo lile lile kwa maana ile ile. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi masharti yanapobadilika, na ahakikishe asiyeyaelewa anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Mtambo haukumweleza. Karani naye (simlaumu sana, alitumwa) hakumsomea hata mstari mmoja.

Nimemshauri aandike barua ya kupinga, abaki na nakala, na aendelee kuripoti kazini. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Leo ni siku ya 41, na wenzake wanne waliotaja namba zao kwa karani yule yule bado wanamsubiri aanze yeye.