Wakulima wote namba moja ya simu

Najua nimepotea tangu tulipofunga chuo. Wengine mmeniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, nipo, nilikuwa nyumbani Ruanda. Na kabla hamjaanza, siyo nchi ya Rwanda na wala siyo Ruanda ya hapa Mbeya mjini. Ni Ruanda ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwetu ni kahawa na mahindi, na likizo yetu ndefu inaangukia msimu wa kahawa, kwa hiyo mwanafunzi akirudi hapumziki.

Baba mdogo wangu ni karani wa kikundi cha wakulima. Kazi yake ni kukaa pembeni ya mzani: mtu analeta kahawa mbivu, inapimwa, yeye anaandika kwenye kaunta buku jina, kilo, sahihi. Halafu inaenda CPU. (Kule kwetu CPU ni mashine ya kumenyea kahawa. Nilipomwambia mama nasoma mambo ya CPU alifurahi sana, akajua narudi kijijini kuisimamia.) Usiku baba mdogo anajumlisha na kikalkuleta mpaka macho yanamuuma, maana malipo yakija kila mtu anatumiwa kwenye simu kulingana na kilo zake.

Mimi sasa, mwaka wa tatu, nina XAMPP kwenye laptopu na kichwa kimejaa desa za databesi. Nikamwambia, "Baba, achana na hilo daftari, nakutengenezea mfumo." Siku tatu nikakomaa na PHP na MySQL. Fomu ina jina, kijiji, namba ya simu, kilo. Ukibonyeza Hifadhi inatokea sentensi ya kijani: Imehifadhiwa kikamilifu. Chini yake kitufe cha kuchapa risiti. Nikaijaribu mwenyewe. Juma Mtihani, simu 12345, kilo 10. Halafu Asha Mtihani, simu 67890, kilo 20. Vyote vikaingia safi, nikajiona fundi.

Baba mdogo akakubali kwa shingo upande. Nikamwambia namba za simu aanze na 255 badala ya sifuri, maana nilikuwa na ndoto za kuja kuwatumia wakulima meseji kwa mpigo. Na nikamwambia daftari aliweke kabisani. Hilo la kabati ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku mbili zikapita. Wakulima 74, mizigo 131, na kila mzigo sentensi ya kijani. Jioni ya siku ya pili nikafungua jedwali nitoe orodha ya simu. Mtu wa kwanza, 2147483647. Wa pili, 2147483647. Wa tatu hivyo hivyo... nikashuka mpaka chini, karibu wote namba moja! Wachache walikuwa na namba tofauti, ila hazina sifuri mbele.

Wadau, nilichofikiria kwanza ni virusi. Cha pili, kwamba kuna mtu kaniingilia, kana kwamba kuna mdukuzi duniani ana shida na kahawa ya Ruanda. Nikafuta rekodi moja nikaiandika upya kwa namba ya simu yangu mwenyewe. Sentensi ya kijani. Nikaangalia, 2147483647. Nikabadilisha kodi (siyo ile ya TRA), nikaizima XAMPP nikaiwasha, nikaifuta nikaiweka upya. Yaani nilikuwa nafanya vitu kwa hasira tu, bila kujua natafuta nini. Saa nne usiku umeme ukakatika, nikabaki na betri ya laptopu.

Kilichonisaidia ni kuishiwa pupa. Nikajiambia nifuate namba inakopita, kama mtu anayetafuta bomba limevuja wapi. Kwenye fomu iko sawa? Nikaiambia PHP ichapishe ilichopokea: sawa, 255 na tarakimu zake tisa. Kwenye sentensi ya SQL kabla haijatumwa? Sawa. Basi siyo fomu wala siyo PHP. Nikaikopi ile sentensi, nikaipeleka kwenye MySQL moja kwa moja, halafu nikaandika SHOW WARNINGS. Ikajibu: onyo namba 1264, thamani imezidi kipimo cha safu ya simu.

Safu ya simu nilikuwa nimeipa aina ya INT, kwa sababu namba ya simu ni namba, au siyo? INT ya MySQL ina biti 32, na kubwa kuliko zote inayoweza kubebwa humo ni 2147483647. Namba ya simu yenye 255 mbele ina tarakimu 12, inamwagika kabisa. Kama kawaida MySQL ingekataa, tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 ndivyo inavyofanya yenyewe. Lakini faili la my.ini kwenye laptopu yangu halikuwa na neno STRICT_TRANS_TABLES, kwa hiyo ilikuwa inajaza mpaka mwisho wa kipimo, inanong'ona onyo ambalo PHP yangu haikuuliza, na mimi natoa sentensi ya kijani. Kodi yangu ilikuwa inauliza tu kama sentensi imepokelewa. Haikuuliza nini kimeingia.

Na ujue hiyo namba siyo ngeni duniani. Mwaka 2014 ule wimbo wa Gangnam Style ulipitisha watazamaji hao 2147483647 kwenye YouTube, ikabidi wapanue kihesabio chao. Tofauti ni kwamba wao walijua mapema, na hakuna bibi aliyekuwa anasubiri hela ya mbolea.

Saa nane usiku nikabadilisha safu kuwa VARCHAR ya herufi 15. Nikajaribu, ikakubali. Nikafurahi kama dakika moja hivi, halafu nikakumbuka kwamba kurekebisha safu hakurudishi kilichopotea. Wanachama wa zamani simu zao zimo kwenye daftari la kabatini. Lakini wapya 9 waliandikishwa kwangu tu. Hapo ubishi wa baba mdogo ukaniokoa: 4 kati yao aliwaandika kwa 07 kama alivyozoea, na namba ya tarakimu tisa inaenea kwenye INT, imepoteza sifuri tu. Nikairudisha. Waliobaki 5 wamekwenda.

Nikalala nikijua mabaya yameisha.

Asubuhi akaja mama mmoja na risiti yangu mkononi. Akanisalimia vizuri kabisa, akasema, "Mwanangu, mzani ulisoma ishirini na tatu na pointi nne. Karatasi yako inasema ishirini na tatu. Hiyo pointi nne imekwenda wapi?"

Nilisikia ubaridi mgongoni. Sikuhitaji hata kufungua laptopu, ila nilifungua. Kilo nazo nilikuwa nimezipa INT. Mizigo yote 131 kilo kamili, hakuna nukta hata moja. Aliyeleta 23.4 kaandikiwa 23, aliyeleta 23.6 kaandikiwa 24. (Hao wa 24 hakuna aliyekuja kulalamika, nasema tu.) Na nilipojaribu kule mwanzo niliweka kilo 10 na 20. Nani kakwambia kahawa inakuja kilo 10 na 20?

Simu unaweza kumuuliza mtu tena. Mzani hauna kumbukumbu, ukishusha gunia namba imekwenda. Na hapa siyo suala la pointi nne tu. Wakulima wa kahawa wameibiwa mizani miaka nenda rudi, kila mzee ana hadithi yake, na baba mdogo jina lake zuri pale linatokana na kuandika nukta za watu. Mimi nimezifuta zote kwa siku mbili, tena kwa rangi ya kijani.

Nilimwambia ukweli. Hakunifokea, bora angefoka. Alikwenda kabatini akatoa kaunta buku, jioni akawaita watu pale CPU, akanisimamisha niwaeleze mwenyewe. Jamani, kueleza INT kwa wazee waliokaa juu ya magunia ni mtihani kuliko UE yoyote. Nikasema nimewawekea debe lisiloshika nusu. Wakaelewa.

Halafu tukaanza kusoma jina kwa jina, na kila mtu akataja alichopima. Wanakumbuka! Mzee ana mizigo mitatu, anakutajia yote na nukta zake kama anavyotaja watoto wake. Jumla ya kila siku ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki kabla kahawa haijaingia mashineni, na tulipolinganisha, za wakulima zilizidi za ubao kwa kilo 2.3 tu. Watu 74! Baba mdogo akasema, "Wote waandikiwe walivyosema. Hizo mbili na pointi tatu ni zako." Nimezilipa, na ndiyo maana bumu likitoka nina deni la mtu kabla sijanunua hata daftari.

Safu ya kilo sasa ni DECIMAL. Mshikaji wangu mmoja alinishauri FLOAT, nikamwambia FLOAT inabeba makadirio, na makadirio nimeshayalipia. STRICT_TRANS_TABLES nimeiweka. Sentensi ya kijani nimeifuta: sasa fomu inasoma kilichoko ndani ya jedwali na kukionyesha, karani analinganisha na mzani kwa macho. Na kaunta buku halijarudi kabatini. Kutwa anaandika kwa peni, usiku anasoma kwa sauti mimi naingiza, halafu mimi namsomea yeye. Tulifanya hivyo mpaka siku ninapanda Kosta kurudi chuo, sasa binti yake wa kidato cha tatu ndiye anayeingiza.

Wale watano wasio na simu, watatu walipatikana kwa kuulizia ulizia. Wawili walitoka vijiji vya mbali, walileta mara moja wakaondoka. Jana baba mdogo kapiga: mmoja kapatikana, alirudi na gunia. Nikamuuliza namba yake kaiandika kwa sifuri au kwa 255. Akasema kaziandika zote mbili, moja juu ya nyingine, na peni ya bluu.