Mti Mkubwa na Bustani Yake

Mgeni atokaye Kampala hufika Entebbe baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 40. Hapo, kando ya Ziwa Victoria, ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Mimea mingi ya kigeni ililetwa humo ili ijaribiwe, lakini sehemu ya msitu wa asili iliachwa isimame.

Aingiaye katika msitu huo huona mpango ambao hakuna mtu aliyeuchora. Juu yamefumana matawi ya miti mikubwa. Chini yake imesimama miti midogo. Chini zaidi ni vichaka vya majani mapana, na ardhi imefunikwa na majani makavu. Kila mmea umeridhika na mwanga ulioachiwa na mkubwa wake. Mwaka mzima pana kijani.

Mpango huo waweza kuigwa hata katika ua wa nyumba ya kambini wenye mwembe mmoja mkubwa. Wako wahamiao nyumba kama hiyo wakauona mti kuwa adui wa bustani. Hulima matuta penye mizizi, au hurundika udongo kuzunguka shina. Mti hudhoofika polepole, kwani mizizi mingi inayoulisha imo karibu na uso wa ardhi, nayo huhitaji hewa.

Yafaa kuchimba vishimo vidogo kwa mkono, mbali kidogo na shina, mvua zianzapo mwezi wa Machi au Septemba. Iliki hupenda kivuli. Mbuni wa robusta, ambao asili yake ni msituni, upandwe pale matawi yanapopitisha mwanga. Mchaichai ukae ukingoni, kwenye jua. Magimbi na tangawizi havifai hapo, kwa sababu kuvivuna ni kukata mizizi ya mti.

Kambini ua uliofagiliwa ni dalili ya nidhamu. Basi njia na mbele ya mlango pafagiliwe, lakini majani yaangukayo chini ya mti yaachwe yaoze, ila yasiguse shina.

Askari huhamishwa, mwembe hauhamishwi. Huenda aliyeupanda hakupumzika kivulini pake, na apandaye mbuni leo huenda asiuchume. Hata hivyo watoto wa familia ijayo watakuta kijani mlangoni. Neno entebe kwa Kiganda maana yake ni kiti. Chini ya mti uliotunzwa, kiti hakikosi mtu.