Kabari Nyuma ya Bledi

Kabla ya kuwa seremala, mjomba wangu alikuwa mpasua mbao huko Njombe. Gogo linapandishwa juu ya jukwaa, mtu mmoja anasimama juu, mwenzake chini, wanavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Kila waliposogea mbele kidogo walichomeka kabari kwenye mpasuo, nyuma ya msumeno. Mti huwa umejikaza ndani kwa ndani. Ukiupasua, pande zake mbili zinaweza kurudi kubanana na kuukaba msumeno.

Miaka ya tisini alihamia Dar es Salaam na kufungua karakana Keko, nami nikaenda kujifunza kwake. Msumeno wa meza tuliokuwa nao ulichomelewa palepale mtaani: meza ya chuma, mota iliyotoka kwenye mashine nyingine, mkanda, shafti na bledi ya inchi 10. Kifuniko hakikuwepo. Bledi ya ukubwa huo ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda karibu kilomita 190 kwa saa. Meno ya mbele yanakata yakishuka, ya nyuma yanapanda. Mbao ikiyabana yale ya nyuma, yanainyanyua na kumrushia fundi.

Usalama wetu ulikuwa agizo moja, tulilolisikia asubuhi hadi jioni: kuwa makini. Siwalaumu waliolisema, wao pia waliambiwa hivyo. Lakini ikifika saa kumi jioni mtu amechoka, na bledi inazunguka kama ilivyozunguka asubuhi.

Siku moja fundi mwenzetu alikuwa anapasua mninga wa fremu ya kitanda. Mbao ilibana, ikarudi, ikampiga tumboni, akalazwa. Mjomba aliiokota ile mbao akaitazama kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mpasuo pande mbili zilikuwa zimegusana kabisa.

“Mjomba,” aliniambia, “mti ni uleule wa Njombe. Msumeno tumekuja nao mjini, kabari tumeiacha porini.”

Kwangu mabadiliko yote ya karakana ile yameanzia hapo. Alitafuta kipande cha chuma cha milimita mbili na nusu, akakikata kwa umbo la bledi na kukifunga nyuma yake, karibu sana bila kugusana. Unene huo aliupima kwa makusudi: chuma kiwe chembamba kuliko mpasuo, ambao kwa meno yetu ulikuwa milimita tatu, lakini kinene kuliko mwili wa bledi. Mbao ikitaka kujifunga inakutana na chuma, haiyafikii meno. Misumeno mizuri ya kiwandani huja na kipande hicho. Sisi tulikipata kwa njia ya mpasua mbao.

Baada ya hapo alianza kuuliza swali jipya kwa kila aina ya kukata: mkono unafuata nini pale? Kwenye kupasua vipande vyembamba, mkono ulifuata mbao hadi mwisho. Basi ukachongwa mti wa kusukumia, wenye kisigino kinachoshika nyuma ya mbao, na fundi akaambiwa asimame pembeni, asiikabili njia ya mbao. Bledi ambayo zamani ilisimama ndefu juu ya meza ikashushwa, jino lipite juu ya mbao kidogo tu.

Kukata kwa upana kulitusumbua zaidi. Tulizoea kuegemeza kichwa cha mbao kwenye reli ya kuongozea ili vipande vilingane urefu. Kipande kilichokatwa kinabaki kimebanwa kati ya reli na bledi, kikijipinda kidogo tu kinaruka. Mjomba akatengeneza kitoroli cha plaiwudi kinachoteleza kwa kufuata kingo za meza. Mbao inalala ndani yake, inasukumwa pamoja nacho, na kipimo cha urefu kimepigiliwa humohumo. Kwa pembe za nyuzi 45 za fremu za picha tuna kitoroli cha pili.

Kisha ukaja mgao mkali wa umeme wa 2006. Umeme ukikatika katikati ya kazi, watu wanakwenda kunywa chai, swichi imeachwa imewashwa. Umeme unaporudi, bledi inaanza kuzunguka yenyewe huku mwanafunzi anafagia vumbi juu ya meza. Tulinunua swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki mpaka mtu aibonyeze. Kwa maoni yangu hakuna pesa ya karakana iliyotumika vizuri zaidi.

Nimesoma kuhusu msumeno aliobuni Mmarekani Steve Gass mwaka 1999, unaohisi mwili wa mtu na kuisimamisha bledi kwa breki ndani ya milisekunde tano. Ni kazi kubwa na ningependa kila karakana iwe nao. Ila breki ikifanya kazi, yenyewe na bledi kwa kawaida ni vya kubadilisha, na mbao yenye maji mengi inaweza kuiamsha. Mbao nyingi tunazoletewa bado mbichi.

Mjomba amestaafu, karakana ninaiendesha mimi. Kilichobaki kunisumbua ni mifereji ya milango ya kabati: bledi haitokezi juu ya mbao, kwa hiyo kifuniko tulichokuja kukifunga kinazuia kazi na inabidi kitolewe. Mifereji hiyo sasa tunaichimba kwa ruta, na mwanafunzi mpya haruhusiwi kuijaribu kwenye msumeno.