Nyumba za Wasafiri: London na Mumias

Katika mtaa wa Southwark, mjini London, ipo nyumba ya wageni ya kale iitwayo George. Ilijengwa upya mwaka 1677, baada ya kuteketea kwa moto. Zamani magari ya farasi yaliingia langoni hadi uani. Farasi wakapelekwa mazizini, na wasafiri wakapanda ngazi hadi kwenye baraza za mbao zilizouzunguka ua, wakaingia vyumbani mwao. Kisha reli ikaja. Kampuni ya reli ilibomoa sehemu kubwa ya nyumba hiyo mwaka 1889, ikabaki safu ya upande wa kusini tu, ambayo inatunzwa hata leo na watu huketi humo kunywa bia.

Nilipoisoma habari hiyo, fikira zangu zilikwenda Mumias, si mbali na hapa Kakamega. Hapo palikuwa na kituo chetu cha wasafiri, wala hakikuwa nyumba moja bali mji mzima. Watu wa misafara ya pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Nabongo Mumia. Palikuwa na ukuta wa udongo, na ndani yake nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Mpagazi aliyetoka Mombasa na mzigo wa ratili sitini au zaidi kichwani (wala hakupewa farasi!) aliutua hapo. Chakula kilinunuliwa kwa shanga na nguo, kwa kuwa safari ya Uganda ilikuwa bado mbele. Joseph Thomson alifika mwaka 1883. Askofu Hannington naye, mwaka 1885, aliwaacha hapo wengi wa watu wake, akaendelea na wachache hadi Busoga, alikouawa.

Wako wasemao kwamba sisi hatukuwa na jengo la kutunzwa. Mimi sikubaliani nao. Ukuta wa udongo ukibomoka hutengenezwa kwa udongo ule ule, maadamu yupo mwenye haja nao. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, misafara ikakoma, na mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Nabongo Mumia alifariki mwaka 1949, na wapagazi wale wote wamekwisha. Wamebaki wajukuu waliosimuliwa. Ningeomba wazee wa Wanga watuonyeshe mahali misafara ilipopiga kambi, na kaunti isimamishe hapo jiwe lenye maandishi, kabla viwanja havijauzwa vyote.