KASANDA: NYANI AKILA, WEWE SUBIRI KWANZA

Mtoto wa mjini, wewe unayeyajua mabungo yakiwa tayari juisi kwenye glasi ya barafu, hebu njoo huku mwisho wa reli, halafu reli yenyewe uiache. Toka Kigoma, pita Kasulu, pita Kibondo, shika njia ya Kakonko. Kasanda iko upande huo. Zamani ilihesabiwa Kibondo; tangu 2012 Kakonko ni wilaya inayojitegemea na Kasanda ni kata yake. Ukisikia "Mwakeye", unasalimiwa hivyo. Usijifanye una haraka, salamu za Waha haziendi mbio.

Duka lenye soda lipo. Lakini watoto wa huku, wakitoka shule, duka lao ni pori la miyombo, na bei ni kujua unachokula.

Chukua mbula. Haichumwi, inaokotwa chini ikishadondoka yenyewe, na harufu inakufikia kabla hujauona mti. Ganda la kahawia lina vidoadoa, mgeni atadhani limeoza. Mmenye: ndani tamu, kokwa gumu kama jiwe. Furu ni vidogo vyeusi, na ukila huwezi kukataa, ulimi mweusi unakushtaki. Tonga lina ukubwa wa chungwa na ganda la kugongwa kwenye jiwe. Unamung'unya nyama yake, mbegu unatema. Unatema, bwana, humezi!

Sasa hapa ndipo wajanja wa mjini wanapokuja na nadharia yao: "Akila nyani, na mimi nakula." Nani kawaambia? Ndege anameza pilipili kichaa kama pipi kwa sababu ule ukali hausikii kabisa. Wewe jaribu. Kule Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi yake 1960, sokwe wanajulikana kwa kupenda mbula na mabungo, hapo tuko pamoja nao. Ila sokwe haohao wanatafuna pia vitu vichungu ambavyo wewe ungevitema.

Na kasheshe kubwa wala haiko porini. Iko uani, kwenye ua wa nyumba. Mbono kaburi, ule mti unaopandwa kuzunguka miji na makaburi kwa kuwa mbuzi hawautaki, unazaa matunda ya kijani yanayogeuka manjano, kisha yanakauka na kuwa meusi. Ndani kuna mbegu nyeusi, mara nyingi tatu, zenye ladha kama karanga. Ndiyo, tamu! Mtoto wa Dar aliyeletwa likizo kwa bibi anatafuna chache, baada ya muda tumbo linamkata, anatapika na kuharisha. Ladha nzuri haikumwambia kitu. Ndulele nayo, vitunda vya manjano vinavyong'aa kando ya njia kwenye kijiti chenye miiba, inavutia macho na ni sumu vilevile.

Mtoto wa Kasanda anaanzia chini, tunda analitazama mwisho. Gamba la mti likoje, jani linanukaje likisuguliwa, tawi likivunjwa linatoa utomvu gani, miiba ipo au haipo, na je, huu ndio msimu wake? Likibaki shaka anamuuliza mkubwa wake. Wakibishana jina, halili mtu. Ukimuuliza, "Hili je?" anaweza kukujibu, "Hapana anko, hilo la mbuzi," na anaendelea na safari yake.

Kama mwanao ameshakula asichokijua, usimlazimishe kutapika, usingoje aone kizunguzungu. Mbebe mpaka zahanati iliyo karibu, na uchukue tunda lililobaki pamoja na tawi lake, mganga alione.

Mbula zinadondoka kiangazi. Wahi asubuhi, maana watoto wa Kasanda hawalali.